Mishumaa ya Saa Nane Mchana

Ilala,
Dar es Salaam

Kwako dada yangu Mwajuma,

Assalam aleikum. Shikamoo dada, na shikamoo nyingine umpelekee mama hapo alipo, maana najua barua hii utaifungulia kwenye mkeka wake. Magoti yake vipi? Yale mafuta ya kuchua niliyompa kondakta wa basi yalifika, au kondakta amejichua mwenyewe? Kifua chako kimepoa? Na shemeji, korosho mwaka huu zimemwonea huruma? Mimi huku mzima wa mwili. Mengine utayaona humu ndani.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ninayo. Dada, simu yako haina siri. Ukipokea unabonyeza spika, na kabla sijamaliza salamu nasikia watu watatu wanaitikia nyuma yako. Haya ninayoandika nataka uyasome peke yako kwanza, halafu ukiona inafaa umsomee mama. Shemeji mwambie nimekuandikia habari za kanga. Mwandiko ni ule ule wa darasa la saba, usinicheke.

Nianze na nzuri. Kibanda changu bado kipo pale pale Kariakoo, uchochoroni nyuma ya maduka ya mapazia, na bila kujisifu sana, ila nitajisifu kidogo, hakuna wali wa nazi sokoni pale unaougusa wa kwangu. Wapagazi wanaobeba mabelo ya nguo tangu alfajiri wanawapita mama ntilie watano ndio waje kwangu. Juzi mteja mmoja aliyetoka Kongo kununua vitenge alikula sahani mbili, akaomba kunipiga picha. Nilifunga kilemba vizuri kwanza, ndipo nikamruhusu. Kwa hiyo jua tu kwamba mdogo wako sura yake iko Kongo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ulisema kwenye simu kwamba Asha wako umeshamfungia begi, anangoja tu shule ziishe aje kwa dada yake, Hawa wangu, amtafutie kazi kwenye meza za wakubwa. Dada, usimtume Asha. Nakuomba. Kosa ni langu. Ni mimi niliyekuja huko Idi iliyopita nikakaa ukumbini kwa mama, nikasema Hawa ni mkubwa wa meza, kwamba wazungu hawagusi chakula mpaka yeye atoe ishara. Watu walininyamazia wakasikiliza, na utamu wa kusikilizwa unaujua. Ukweli ni kwamba Hawa alikuwa anabeba sahani. Na sasa hata sahani habebi.

Nisipoeleza tangu mwanzo utadhani mtoto ameiba.

Alipomaliza chuo cha hoteli, na cheti chake nilikitundika kibandani juu ya sufuria la maharage ili kila anayekula akisome, alipata nafasi kwenye ukumbi mmoja wa mjini ambao matajiri hufanyia karamu. Miezi mitatu ya majaribio. Kazi yenyewe ukiiona utasema ni ibada. Sahani inawekwa upande huu, inatolewa upande ule, kijiko kikilia umekosea. Walikuwa wasichana wanne, na msimamizi wao alisema wazi kwamba hatawabakisha wote. Karamu ya mwisho wa miezi mitatu ndiyo ingeamua.

Na karamu hiyo, dada, ikawa ya Bwana Sudi. Huyu ni yule mwenye duka la mapazia niliyekusimulia, nimewalisha yeye na wafanyakazi wake miaka kumi na moja. Binti yake amerudi kutoka kusoma Uingereza na anaolewa, na kabla ya ndoa akataka watu wakae chakula kama walivyokuwa wakikaa mabwana wa Kiingereza zamani, wakati wa Malkia Viktoria. Mwenye pesa hakosi la kutaka. Bwana Sudi akaja mwenyewe kibandani, akasimama kwenye moshi na kanzu yake nyeupe, akasema, "Mama Hawa, umetulisha miaka yote. Siku hiyo na wewe ukae, ulishwe." Dada, nililia. Halafu nikawaambia wapagazi wote.

Hawa alipojua kwamba nimealikwa alinikalisha chini. Akaniambia nisimwambie Bwana Sudi kwamba binti yangu yuko pale, maana wakijua ana mtu mezani watampeleka nyuma kuosha vyombo siku hiyo, na atakuwa amekosa mtihani wake. Nikakubali. Ikabidi anifundishe ili nisije nikaaibika. Alitandika kanga juu ya mkeka, akapanga uma mbili za kuazima kwa jirani, vijiko vyetu, na kile kisu cha kukatia vitunguu kikawa ndicho cha samaki. Ananisomea kutoka kwenye daftari lake la chuo huku tunacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ndipo nikajua mambo ya wale watu. Kwamba ukitaka kujua mtu ni nani ulikuwa huulizi jina, unauliza anakula saa ngapi. Mfanyakazi wa mikono chakula chake kikubwa ni mchana. Bwana mkubwa chakula chake kikubwa ni usiku, tena usiku wenyewe, kwa sababu yeye ana mishumaa ya kuunguza na kesho haamki mapema. Kwamba wageni waliingia chumba cha chakula kwa foleni ya vyeo, wawili wawili, mkubwa mbele. Na mtumishi anasimama nyuma ya kiti kama kabati.

"Sasa huyo mtumishi alikuwa anakula saa ngapi?" nikamuuliza.

"Kwa saa yake, mama. Chini, jikoni. Na huko jikoni nako wana wakubwa na wadogo, hukai unapotaka."

Akaniambia na majina yao walikuwa wananyang'anywa. Msichana akija kazini jina lake Hawa, mwenye nyumba akiona halimkai mdomoni anamwita Meri. Aliyemtangulia alikuwa Meri, na atakayekuja atakuwa Meri. Nikasema hao walikuwa na mali lakini watu hawakuwa nao. Hawa akacheka akasema, "Basi siku hiyo na sisi wote wanne ni Meri. Bibi harusi ameagiza."

Dada, nikataka kuwasema Waingereza, lakini nikakumbuka kwetu. Unalikumbuka lile jumba la mwenye minazi, mama alipokuwa akipika? Sisi tunamngoja uani kwenye kuni. Mke wa mwenye nyumba akipita na sinia anatuona, anasema, "Karibuni, watoto." Na mama ametufundisha, hata tumbo likiwa linaongea, jibu ni moja tu: "Asante, endeleeni." Siku moja nilitaka kusema ndiyo, ulinifinya paja mpaka leo pana alama. Halafu mama anatoka na ukoko kwenye pindo la kanga, huo ndio wetu. Hawa nilimlea kwa jibu hilo hilo. Nilimwambia, karibu ya mtu hairudishwi kimya. Ukila au usipokula, itikia.

Usiku wa kuamkia karamu hakula. Asubuhi chai hakunywa, anasema tumbo limejaa upepo. Akiwa mlangoni akanigeukia akasema, "Mama, leo mimi si mwanao. Usinitazame, usinisalimie, hata asante usiniambie. Mtumishi akifungua mdomo mezani amefeli."

Nikamjibu, "Mimi nilikuzaa kwa uchungu wa siku mbili. Kunyamaza saa mbili ndiko kutanishinda?"

Karamu ilikuwa Jumapili saa nane mchana, maana ukumbi ulikuwa na watu wengine jioni. Nje jua lile la huku unalijua, lami inanata kwenye kandambili. Ukiingia ndani ni usiku. Mapazia mazito mekundu, ya dukani kwa Bwana Sudi mwenyewe, yamefunga madirisha yote, na mishumaa inawaka kama arobaini. Saa nane mchana. Nilivaa gauni la zambarau na mtandio wa kung'aa, na si mimi ninayesema, yule karani mzee wa stoo niliyepangwa naye kuingia alisema hakunitambua. Tuliingia wa mwisho, mimi na karani. Mbele wakubwa, sisi mkia. Tukakalishwa mwisho wa meza, karibu kabisa na mlango wa jikoni.

Na nyuma ya bega langu la kulia amesimama Hawa.

Gauni jeusi mpaka miguuni, aproni nyeupe, kofia ya lesi. Mtoto alipendeza, dada. Nilitaka nisimame niwaambie wote pale huyu ni wangu, mimi muuza wali ndiye niliyemzaa. Nikajibana. Nilitazama mshumaa tu. Kulikuja supu nyepesi mpaka unaona maua ya sahani chini yake. Kukaja kitu kingine, kikaondolewa kabla sijajua kilikuwa nini. Mtu anasema, "Meri, maji," na mwanangu anakwenda. "Meri, kitambaa," anakwenda. Kijiko hakilii. Msimamizi amesimama mlangoni na karatasi yake, na mimi nilimwona kwa jicho la pembeni anaandika, nikajua anaandika mazuri. Saa nzima ikapita nimenyamaza. Karani akanong'ona, mama leo umekuwa mpole. Nilijisifu moyoni.

Halafu wakaleta samaki.

Changu, dada, wa kuoka, ndimu juu yake. Nilishika ule uma na kile kisu chake kama Hawa alivyonielekeza kwenye mkeka. Mwiba ukanisumbua. Sijui hata ni saa ngapi niliweka kisu chini, nikaona tu vidole vyangu vimo kwenye samaki, vinachambua vyenyewe kama viko nyumbani. Na mkono ukisharudi nyumbani, mdomo nao unafuata. Niliinua macho nikaona mtu amesimama juu ya chakula changu, tangu jana hajala, anameza mate. Nikasema, "Karibu mwanangu."

Sikupanga. Ilitoka kama chafya.

Watu waligeuka, upande wetu kwanza, kisha mpaka kule mbele. Mwanangu alikuwa na uwezo wa kunyamaza. Angenyamaza leo ana kazi. Nilimwona anaitazama ile sahani aliyoishika. Halafu akainamisha kichwa kidogo, kama nilivyomfundisha akiwa na miaka minne, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Asante mama, endelea."

Hakunitaja kwamba ni mimi niliyemzaa. Huku mjini kila mwanamke wa umri wangu ni mama, hata anayeniuzia mkaa ananiita mama. Hakuna aliyejua. Bwana Sudi alicheka kicheko kizuri tu kule mbele, akasema, "Mama Hawa, hao leo hawali na sisi." Alisema hivyo, Mama Hawa, na Hawa amesimama pale. Watu wakacheka, wakarudi kwa samaki wao. Lakini msimamizi hakucheka. Aliinua kidole kimoja. Hawa akaweka sahani mezani bila kishindo, akaingia jikoni, na nyama ililetwa na Meri mwingine.

Na mimi nilikaa, dada. Hili ndilo sijamwambia mtu. Nilikaa nikala nyama, nikala na kile kitu cha maziwa cha mwisho kinachotetemeka, mpaka mishumaa ikazimwa na mapazia yakafunguliwa, jua likatuingia machoni. Nilidhani nikisimama nitamwongezea kosa. Nilikula kila kilicholetwa, sikujua la kufanya zaidi ya kula.

Hawakumbakisha. Msimamizi alimwambia kila kitu amefanya vizuri kuliko wenzake, ila alizungumza na mgeni, na hilo ndilo walilokatazwa siku ya kwanza. Hakumtukana wala hakumkaripia. Laiti angemkaripia ningepata mtu wa kugombana naye.

Usinidhanie nimekaa tu. Kesho yake nilikwenda dukani kwa Bwana Sudi nikamweleza ukweli wote. Alivua miwani, akasema mbona sikumwambia ni mwanangu, angemkalisha mezani na sisi. Nikamwambia hakutaka kukalishwa, alitaka kazi. Akapiga simu ukumbini mbele yangu. Walimjibu kwa adabu kubwa kwamba mambo ya wafanyakazi ni yao. Bwana Sudi aliona haya, akanifungia pazia jekundu moja kati ya yale ya siku ile, akasema nikaweke mlangoni. Sikuweza kukataa. Liko chini ya kitanda.

Siku ya tatu nikafanya ninachokijua. Niliamka nikapika wali wa nazi na changu wa kupaka, mzuri kuliko wote niliowahi kupika, nikaweka kwenye hotipoti, nikaenda mpaka getini pa ukumbi, kwa msimamizi. Mlinzi hakuniruhusu kuingia, akachukua hotipoti akaipeleka ndani. Nilisimama juani mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mlinzi akarudi na hotipoti imeoshwa, inang'aa, akasema, "Wanasema asante, chakula kitamu sana." Nikamuuliza hakuna neno jingine? Akasema, "Hakuna, mama."

Kitamu najua. Hilo sikwenda kuuliza.

Hawa hajanilaumu. Hata siku moja. Anakuja na mimi kibandani anapakua, na mazoea ya chuo hayajamtoka, wapagazi anawawekea sahani upande ule ule, taratibu, kimya. Wao wanamtania, "Da' Hawa, leo tuko hotelini? Tukae wima?" Zamani angewajibu mpaka wakimbie. Sasa anatabasamu kidogo tu, anafuta meza.

Ila kuna hili, na ndilo lililonikalisha nikuandikie. Jioni nikishatandika mkeka nikaweka sinia, namwita. Wewe unajua, mtoto wa nyumbani haitikii karibu. Anakuja, ananawa, anakaa. Hawa anasimama mlangoni, anainamisha kichwa kidogo, anasema, "Asante mama, endelea." Anaingia chumbani. Mimi nabaki na sinia la watu wawili. Nimejaribu kumnyamazia nisimkaribishe, haji. Nimejaribu kumpelekea sahani, anasema hana njaa. Lakini nikiamka asubuhi kuosha vyombo naona ukoko chini ya sufuria umekwanguliwa.

Wakabidhi salamu zangu wote. Shemeji mpe nyingi, na ile habari ya kanga uitunge vizuri. Bi Rukia fundi cherehani mwambie gauni lake la zambarau lilisifiwa mezani na karani wa watu, asiulize zaidi. Mwalimu wa madrasa atuombee dua mimi na Hawa, asiulize ya nini. Asha mbusu, umwambie mama yake mdogo na dada yake wa mjini si wakubwa kama alivyosikia, begi alifungue avae nguo zake. Na wale niliowasimulia Idi pale ukumbini, wakikuuliza Hawa hajambo, sema hajambo. Mengine sijui useme nini, na mimi ningekuwa najua ningekuandikia.

Mama nimemwacha mwisho makusudi. Najua siku hizi anasahau, mimi ananiita jina lako, na wewe jina la marehemu shangazi. Lakini ya zamani anayashika. Chagua asubuhi akiwa ametulia, mkandie magoti, umuulize taratibu. Zile siku tulizokuwa tukitoka uani kwa mwenye minazi, mimi na wewe tumesema "asante, endeleeni" na njaa yetu tumboni, tukifika nyumbani tulikuwa tunakaa naye mkekani tunakula ule ukoko, tunacheka. Hilo nalikumbuka. Lakini alianzaje, dada? Alikuwa anatuambia neno gani mpaka tunakaa? Mimi nimelitafuta wiki nzima silipati. Akilisema liandike kama alivyolitamka, usiliseme kwa simu. Nitalisubiri.

Mdogo wako uliyemfinya,
Somoe, Mama Hawa